Mwongozo kamili: jinsi ya kuandaa mada ya historia kuhusu kesi ya zamani ya mauaji ya kijijini, hatua kwa hatua

Wakuu, hili swali linarudi kila mara na kila anayeuliza amekwama palepale. Mtu anapewa nafasi ya kutoa mada kwenye kikundi cha historia, anachagua kesi ya mauaji ya miaka hiyo, anasoma makala mbili tatu mtandaoni, anasimama mbele, na dakika kumi tu zikipita watu wanasikiliza stori ya kutisha, historia imeshaondoka. Aliyeuawa amebaki jina tupu. Kijiji hakionekani. Halafu mtu mmoja kule nyuma ananyoosha mkono anauliza "hilo umelitoa wapi?" na mtoa mada hana jibu, kwa sababu na yeye hajui.

Kwa hiyo hapa naenda moja kwa moja kwenye kazi. Mfano nitakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni kesi ya Red Barn (yaani ghala jekundu), kijiji cha Polstead, jimbo la Suffolk, Uingereza, ambapo Maria Marten aliuawa mwaka 1827 na mpenzi wake, William Corder, akanyongwa kwa mauaji hayo mwaka 1828. Nimeichagua kwa sababu ina makaratasi mengi na imezungukwa na uzushi mwingi pia, kila kosa ambalo watu wanalifanya unaweza kulionyesha humo. Wewe utaweka kesi yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja la hii kazi tu, usichanganye na mambo mengine
- Kalamu za rangi tatu (utaona kazi yake hatua ya 4)
- Simu yenye kamera nzuri ya kupiga picha nyaraka, na sehemu ya pili ya kuhifadhi, fleshi au akaunti ya mtandaoni
- Ramani ya zamani ya eneo na ramani ya sasa
- Kalenda ya miaka ya nyuma, zipo nyingi za bure mtandaoni, ya kukuonyesha tarehe fulani ilikuwa siku gani ya wiki
- Kadi ya maktaba au kitambulisho cha kuingilia kwenye hifadhi ya nyaraka
- Laptopu, na projekta kama ukumbi hauna
- Muda. Kama mada ni wiki ijayo na hujashika karatasi hata moja, omba usogezewe tarehe, nasema kwa nia njema kabisa

## Hatua ya 1: Chagua kesi kwa makaratasi yake

Wengi wanachagua kesi kwa sababu inatisha. Ukali wa tukio haukusaidii chochote ukishasimama mbele ya watu, kinachokubeba ni nyaraka.

Kipimo ni hiki: unaweza kupata angalau karatasi tatu za wakati uleule, zilizoandikwa na mikono tofauti? Moja ya mahakama, moja ya kanisa au serikali (ubatizo, ndoa, maziko, sensa), moja ya gazeti. Kama ulichonacho ni makala kumi za mtandaoni halafu zote zimenakili makala moja, we una chanzo kimoja tu hata kama umeprinti kurasa mia.

Pia pima umbali wa miaka. Mauaji ya miaka 60 iliyopita yana watoto na wajukuu ambao wanaweza kuwa wamekaa kiti cha mbele. Ya miaka 200 yanakupa nafasi ya kupumua, lakini koo zinakumbuka sana kuliko unavyodhani, hasa vijijini ambako majina ya ukoo hayahami.

Angalizo: kama kuna mtu yeyote aliyehusika na kesi bado yuko hai, iache. Tafuta nyingine.

Utajua umefaulu pale unapoweza kutaja kwa sentensi moja nani alikufa, wapi, lini, na karatasi gani tatu zinasema hivyo.

## Hatua ya 2: Jenga mstari wa tarehe kabla ya kusoma stori

Usianze kwa kusoma simulizi tamu, zitakuteka. Anza na tarehe. Chukua ukurasa mzima, andika tarehe upande wa kushoto, tukio katikati, na chanzo upande wa kulia. Kwa Polstead unapata kitu kama hiki:

- 24 Julai 1801: Maria Marten anazaliwa
- 18 Mei 1827, Ijumaa: anaondoka nyumbani kwenda kukutana na Corder kwenye ghala
- 19 Aprili 1828, Jumamosi: baba yake anaukuta mwili umefukiwa chini ya sakafu ya ghala
- 7 Agosti 1828, Alhamisi: kesi inaanza kwenye mji wa Bury St Edmunds
- 8 Agosti, Ijumaa: anakutwa na hatia, anahukumiwa kifo
- 11 Agosti, Jumatatu: ananyongwa

Ona sasa mstari wenyewe unavyoanza kuongea. Kati ya tukio la pili na la tatu kuna miezi kumi na moja. Mwanamke hayupo miezi kumi na moja na kijiji kinaendelea na maisha, imewezekanaje? Hilo ndo swali la mada yako na hukulitoa kwenye makala ya mtu, umeliona mwenyewe kwenye tarehe.

Na zile siku za wiki usizipuuze. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilitaka mtu aliyehukumiwa kwa mauaji anyongwe kesho kutwa yake, na kesho kutwa ikiangukia Jumapili inasogezwa Jumatatu. Hukumu Ijumaa, kesho kutwa Jumapili, kwa hiyo Jumatatu. Tarehe zako zikikubaliana na sheria ya wakati huo namna hii unajua uko kwenye njia. Zisipokubaliana kuna mtu kanakili vibaya, rudi ukaangalie.

Angalizo kwa kesi za zamani zaidi: Uingereza kabla ya 1752 mwaka rasmi ulianza 25 Machi, kwa hiyo karatasi ikisema "Februari 1740" kwa hesabu ya sasa hiyo ni Februari 1741. Watu wamewahi kumzika mtu mwaka mzima kabla hajafa kwa ajili ya hili.

## Hatua ya 3: Kusanya nyaraka, na ujue kila moja iliandikwa kwa kazi gani

Hapa ndipo pana kazi nyingi na ndipo wengi wanaruka.

Karatasi za mahakama. Watu wanadhani watakuta kila neno lililosemwa kortini. Mara nyingi hukuti. Kesi za jinai za mikoani Uingereza zilisikilizwa na majaji waliokuwa wanazunguka, na mafaili yaliyobaki yako Hifadhi ya Taifa pale Kew, London, mengi yana hati ya mashtaka na hukumu tu, maneno ya mashahidi hayamo. Lakini hata hati ya mashtaka peke yake inasema mambo. Ya Corder ilikuwa na vipengele kadhaa, vikieleza kifo kwa namna tofauti, kwa sababu mwili uliokaa chini miezi kumi na moja ulikuwa haumwambii daktari kwa uhakika kama ni risasi, ni kisu au ni kukabwa, na upande wa mashtaka uliogopa kesi isije ikaanguka kwa kutaja njia isiyo yenyewe. Hiyo ni habari kubwa kuliko damu yoyote utakayoielezea.

Uchunguzi wa kifo. Huu ulifanyika haraka na karibu na mwili, mara nyingi kwenye kilabu cha pombe kwa sababu ndo lilikuwa jengo kubwa. Wa Maria ulifanyika pale Cock, kilabu cha Polstead. Ushahidi wa siku hizo za kwanza una thamani kwa sababu mashahidi walikuwa bado hawajasoma magazeti.

Rejista. Makanisa ya Uingereza yalianza kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, serikali ikaanza kusajili vizazi na vifo 1837, na sensa ya kwanza yenye majina ya watu wote inayopatikana kwa upana ni ya 1841. Jihadhari na hiyo ya 1841, umri wa watu wazima ulishushwa mpaka tano ya karibu, mtu wa miaka 29 anaandikwa 25, usije ukajenga hoja juu ya umri huo.

Magazeti. Haya ndo yatakupa maneno ya mashahidi. Soma la mkoa kwanza halafu la mji mkuu, kwa sababu la mji mkuu mara nyingi lilinakili la mkoa na kuongeza chumvi. Soma matoleo ya wiki nzima, na zile safu ndogo pia, bei ya ngano na matangazo ya kazi, maana hapo unakiona kijiji.

Nyimbo, michezo ya jukwaani na karatasi za kuuza mitaani. Zikusanye lakini weka kwenye folda yake. Kesi ya Polstead ilichezwa jukwaani Corder akiwa bado hajahukumiwa. Hizi zinakwambia watu walitaka kuamini nini, hazikwambii kilichotokea.

Kitu kimoja ambacho karibu kila mtoa mada anakikosa: upande wa mshtakiwa unaweza kuwa kimya kwenye makaratasi kwa sababu ya sheria, siyo kwa sababu hakuwa na la kusema. Uingereza mpaka 1836 wakili wa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa hakuruhusiwa kuzungumza na jopo la wananchi wanaoamua kesi, na mpaka 1898 mshtakiwa mwenyewe kwa kawaida hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo. Corder alisimama akasoma maelezo aliyoyaandika mwenyewe, basi. Jopo lilikaa dakika 35 likarudi na jibu. Ukimhukumu mtu wa 1828 kwa kusema "mbona wakili wake hakusema kitu" umeonyesha kwamba hujui mahakama ile ilivyofanya kazi. Kama kesi yako ni ya nchi nyingine au enzi nyingine, tafuta sheria zake kabla hujaandika sentensi hata moja.

Utajua umefaulu ukiweza kushika kila karatasi na kusema: nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani, na alikuwepo au aliambiwa.

## Hatua ya 4: Kalamu tatu

Chukua maelezo yako yote, kaa chini, upitie upya mstari kwa mstari na kalamu tatu.

Rangi ya kwanza: kilichothibitishwa na karatasi zaidi ya moja za wakati ule. Rangi ya pili: kilichodaiwa na mtu fulani. Rangi ya tatu: kilichosimuliwa baadaye.

Tufanye kwa Polstead. Mwili ulikutwa ghalani tarehe 19 Aprili, ukiwa na kitambaa cha kijani cha Corder shingoni: rangi ya kwanza. Mama wa kambo, Ann Marten, aliota Maria ameuawa na kufukiwa ghalani ndo baba akaenda kuchimba: rangi ya pili, hata kama ndo kipande maarufu kuliko vyote. Kwa nini ghala liliitwa jekundu, wengine wanasema ni vigae vya paa, wengine wanasema ni mwanga wa jua likizama: rangi ya tatu.

Halafu muangalie Corder mwenyewe. Kwenye barua kwa familia alisema Maria yuko salama naye kule kisiwa cha Wight, na kama haandiki ni kwa sababu anaumwa, au kaumia mkono, au barua imepotea njiani. Alipokamatwa karibu na London alikana kumjua kabisa. Kortini akasema waligombana, akaondoka, akasikia mlio wa bastola, kumbe amejipiga mwenyewe. Na kabla ya kunyongwa akakiri kwamba walikuwa wakigombana akampiga risasi, ila hakumchoma kisu. Mtu mmoja, maelezo manne. Yote ni rangi ya pili, hata lile la mwisho! Watu wanadhani mtu akikiri basi yote aliyosema siku ile ni ukweli mtupu. Kukiri ni dai kama madai mengine, lina uzito mkubwa lakini linapimwa.

Na idadi pia. Umati uliokuja kumuona akinyongwa unatajwa kuanzia watu 7,000 mpaka 20,000. Usichague namba inayokufurahisha, sema zote mbili, wasikilizaji hawana shida na hilo, wanakuamini zaidi.

Angalizo: ukikuta rangi ya tatu ni nyingi kuliko ya kwanza, badilisha mada iwe kuhusu jinsi stori ilivyokua. Ni mada nzuri sana, usiione kama umeshindwa.

## Hatua ya 5: Mrudishe marehemu

Naomba usiruke hii, kama utafanya hatua moja tu ya mwongozo huu fanya hii.

Andika nusu ukurasa kuhusu aliyeuawa bila kutaja kifo chake. Ukishindwa kujaza nusu ukurasa maana yake unamjua muuaji tu, rudi kwenye nyaraka.

Kwa Maria unaweza kuandika hivi: alikuwa binti wa mtu aliyetegemea kutega fuko mashambani, kazi ya kijungujiko ambayo kila mwenye shamba aliihitaji. Alikuwa na miaka 25. Alikuwa ameshazaa, na mtoto mmoja alikuwa hai, baba wa huyo mtoto alikuwa anatuma pesa za matunzo. Alizaa na Corder pia, mtoto akafa. Kijijini kulikuwa na fununu, ambayo Corder ndiye aliyeipeleka nyumbani kwao, kwamba maofisa wa parokia wanataka kumshtaki kwa kuzaa nje ya ndoa. Ndiyo maana siku ile aliondoka kwa siri, amevaa nguo za kiume, na mpango alioambiwa ni kwenda Ipswich wakafunge ndoa.

Sasa rudi kwenye lile swali la miezi kumi na moja. Mwanamke aliyeaibishwa anaondoka kimyakimya na mtoto wa mwenye shamba, watu hawaulizi sana kwa sababu kuondoka kwake kunaeleweka, ni kitu ambacho kijiji kilitegemea. Barua zinakuja, wazazi wanataka kuziamini. Na polisi hawapo: ile ya London yenyewe ilianzishwa 1829, kijijini kuna askari wa parokia tu, mwanakijiji aliyepewa zamu ya mwaka. Nani angemtafuta? Unaona jinsi maisha ya marehemu yanavyoeleza kesi nzima, na ukiyaruka hubakiwi na kitu zaidi ya ndoto na bastola.

Angalizo kubwa: usimhukumu marehemu wala usimpake rangi. Michezo ya jukwaani ilimfanya Maria kuwa msichana asiyejua lolote, wengine wakamsema kuwa ni malaya, vyote viwili vinamfuta. Sema alichofanya, kwa maneno ya kawaida, basi. Epuka sentensi kama "kama asingekwenda…" maana zinabeba lawama hata kama hukukusudia.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu ile nusu ukurasa na akakuuliza "halafu ikawaje?" kwa kumjali yeye.

## Hatua ya 6: Nenda mahali, chora njia

Kama unaweza kufika, fika. Tembea kwa miguu kutoka nyumba ya marehemu mpaka mahali penyewe, hesabu dakika, angalia nani angeweza kuona kutoka wapi. Mashahidi wengi wa vijijini ushahidi wao ni "nilimuona akipita", na huwezi kuupima bila kujua njia.

Kama hufiki, ramani za zamani zinatosha kuanzia. Uingereza kuna ramani za zaka zilizochorwa baada ya sheria ya 1836, zinaonyesha kila kiwanja, mwenye nacho na anayekilima. Linganisha na ya sasa.

Usitegemee kukuta vitu vyenyewe. Ghala la Polstead watu walilibandua mbao kuchukua kumbukumbu na mwaka 1842 likaungua. Jiwe la kaburi la Maria kwenye uwanja wa kanisa lilimegwa vipande vipande na wageni mpaka likaisha. Hiyo nayo iweke kwenye mada, inasema mengi kuhusu sisi watazamaji.

Angalizo: nyumba ikiwa bado ipo ina mtu anaishi. Usigonge mlango na kamera, usipige picha madirisha, usitaje namba ya nyumba kwenye mada.

## Hatua ya 7: Zungumza na wenye kijiji kabla ya siku yenyewe

Tafuta kama kuna ndugu wa pande zote mbili, wa aliyeuawa na wa aliyeshtakiwa. Wa mshtakiwa wanasahaulika kila mara na wao ndo wamebeba aibu ambayo hawakuitafuta.

Nenda na heshima, jitambulishe, sema mada ni nini na itafanyika lini, uliza kama kuna jambo wangependa lisemwe au lisisemwe, halafu sikiliza. Hulazimiki kukubali kila kitu, lakini wasije wakalijua siku ile kwenye kiti. Wakikupa simulizi ya familia iandike neno kwa neno na uombe ruhusa ya kuitumia, halafu iingie rangi ya pili au ya tatu kama zingine.

## Hatua ya 8: Andika mada yenyewe

Kwa mada ya dakika 45 mimi nagawa hivi: kijiji na watu wake dakika 10, marehemu 8, siku ya tukio na kupatikana kwa mwili 7, kesi na sheria ya wakati ule 12, kilichotokea baadaye kwa stori yenyewe 8. Maswali yawe nje ya hizo. Angalia, kifo chenyewe hakifiki hata robo ya muda.

Usifungue na maiti. Ukifungua na maiti wasikilizaji watakaa wanasubiri maiti nyingine. Fungua na kitu cha kijiji kinachoonekana, kwa mfano: "Mwaka 1827 ukitaka kuondoka Polstead bila kuonwa, ilibidi uvae nguo za mtu mwingine." Hapo umeshawapa mahali, wakati na mtu, na wanataka kujua ni nani.

Andika kama unavyoongea. Jirekodi kwenye simu ukisoma ukurasa mmoja, hesabu maneno kwa dakika, zidisha. Maneno ya Kiswahili ni marefu, ukiandika kurasa nyingi kwa kufuata hesabu ya lugha nyingine utapitiliza muda.

Kuhusu majina ya kumuita mhusika, hili ni la kushikilia sana. Aliyetiwa hatiani unaweza kusema alitiwa hatiani. Ambaye hakutiwa hatiani usimuite muuaji, hata kama ukumbi mzima umeshaamua. Suffolk hiyohiyo kuna kesi ya Peasenhall: Rose Harsent, mtumishi wa ndani, alikutwa amekufa tarehe 1 Juni 1902, William Gardiner akashtakiwa, akasimamishwa kortini mara mbili na mara zote mbili jopo likashindwa kukubaliana, akaachiwa. Mpaka leo kuna watu wanamtaja kama muuaji kwenye mada zao. Mahakama haikusema hivyo na wewe huna karatasi inayosema hivyo. Mada ya kesi kama hii inamalizikia kwenye kutojulikana, na lazima uwe na ujasiri wa kuiacha hapo bila kubuni jibu ili watu waende nyumbani wameridhika.

## Hatua ya 9: Slaidi

Chache, herufi kubwa, sentensi moja kwa slaidi au picha moja. Ramani, ukurasa wa rejista, kichwa cha gazeti, mstari wa tarehe. Chini ya kila picha andika imetoka wapi, na kwenye kona weka doti ya rangi ileile ya hatua ya 4, wasikilizaji wanaipenda sana kwa sababu wanajua muda wote wamesimama kwenye nini.

Kuhusu masalia ya watu, fikiri mara mbili. Corder alipasuliwa mbele ya wanafunzi, ngozi yake ikajalidia kitabu cha habari za kesi ambacho kipo makumbusho ya Moyse's Hall, Bury St Edmunds, na mifupa yake ilikaa kwa madaktari wa upasuaji London mpaka 2004 ndipo ikachomwa kwa heshima. Unaweza kuyasema haya yote bila kuweka picha, na ukiamua kuweka, waambie watu kabla hujabonyeza ili asiyetaka ainamishe macho. Mwili wa aliyeuawa usiweke kabisa, hata mchoro.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe na maswali

Fika mapema, jaribu maiki, jaribu projekta, weka mada kwenye fleshi na kopi ya karatasi mkononi. Mwanzoni kabisa waambie watu kwamba kutakuwa na maelezo ya kifo, na kama kuna watoto MC awaambie wazazi kabla.

Maswali yatakayokuja yanajulikana, andaa majibu. "Kwani kweli alikuwa na hatia?" Jibu kwa kutaja karatasi zinaonyesha nini na wapi zinaishia. "Mbona ndoto hujaisema sana?" Eleza kuhusu kalamu tatu. "Bibi yangu alikuwa anasema…" Hili ndo zuri kuliko yote, usimbishie, mshukuru, muulize bibi aliambiwa na nani, muombe mzungumze baada ya mada na uchukue namba yake. Na kama mtu anauliza maelezo ya majeraha zaidi ya uliyoyatoa, sema ulichosema kinatosha kuielewa kesi na uende kwa anayefuata.

Utajua umefaulu kama wakitoka ukumbini watu wanalitaja jina la marehemu kabla ya la muuaji, na kama angalau mmoja anakufuata kukuuliza hizo rejista anazipataje.

Kesho yake, kabla hujasahau, andika masahihisho na simulizi mpya ulizopewa, weka tarehe, halafu peleka kopi ya mada yako pamoja na orodha ya nyaraka kwenye maktaba ya eneo. Anayekuja kuifanya hiyo kesi miaka ishirini ijayo ataanzia hapo ulipofika wewe.